Kuondoa mikwaruzo ya rangi ya gari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Magari mengi tunayoendesha yalitumika Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, na mengi yangali na rangi yake ya kiwandani. Rangi hiyo ilichomwa kwenye tanuri, tabaka juu ya tabaka, na ni vigumu sana gereji ya mtaani kuirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo majibu ya hapa chini yanavutia upande mmoja: iguse rangi ya kiwandani kidogo iwezekanavyo, na kabla hujaigusa, jua unagusa tabaka gani.

Nitajuaje mkwaruzo umeingia kiasi gani?

Anza kwa kuosha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, kisha ikaushe. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni tope, alama ya mpira wa tairi au rangi ya ukuta iliyoshika juu. Kinachobaki baada ya kuosha ndicho mkwaruzo wenyewe.

Sasa lowesha kidole upake maji juu ya mstari. Ukipotea ukiwa umelowa, halafu ukarudi unapokauka, basi umekata klia peke yake, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Maji yamejaza mfereji, mwanga ukapita sawasawa, jicho likaona rangi nzima. Mkwaruzo wa namna hii unatibika nyumbani.

Usipopotea, pitisha ukucha kwa kuukata mstari. Ukucha ukikwama, angalia chini ya mfereji pana rangi gani. Ukiona rangi ya gari yenyewe, hafifu kidogo, umeingia kwenye rangi. Ukiona kijivu au nyeupe isiyong'aa, umefika kwenye praima, lile tabaka la chini linaloshikisha rangi. Ukiona bati linalong'aa au doa la kahawia, umefika chini kabisa na kutu ama imeanza ama iko njiani. Kwenye bampa utaona plastiki, mara nyingi nyeusi.

Fanya ukaguzi huu kivulini ukimulika tochi ya simu kutoka pembeni. Jua la mchana linaficha mikwaruzo mingi kwenye gari jeupe, na kwenye gari jeusi linaionyesha mibaya kuliko ilivyo.

Klia ina unene gani, na kwa nini mnaionea huruma hivyo?

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu mpaka klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1000 ndizo milimita moja. Klia peke yake ni kama mikroni 40 tu, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Ndiyo inayozuia jua lisichome rangi, na ndiyo inayong'aa.

Mkwaruzo hauondoki kwa kujazwa polishi. Unaondoka kwa kupunguza klia iliyouzunguka mpaka pote palingane na chini ya mfereji. Kila unaposugua unatoa klia isiyorudi. Gari lililosuguliwa kwa kompaundi nzito, ile dawa ya kusugulia yenye chembe kubwa, kila mwaka ili ling'ae sikukuu hubaki na klia nyepesi sana, na jua la Dodoma au Lodwar linamalizia kazi. Boneti na paa ndivyo vinavyotangulia kupauka.

Kitambaa kimeshika rangi ya gari nilipokuwa nasugua. Nimeharibu?

Si lazima. Baadhi ya magari, hasa yenye nyeupe, nyekundu au nyeusi ya kawaida isiyo na chembe za kung'aa, yalipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Nyeupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040 mara nyingi ni ya namna hiyo. Ukisugua gari kama hilo, kitambaa lazima kishike rangi.

Lakini kama gari ni la rangi ya metali au lulu, zile zenye chembe za kung'aa, na kitambaa kimeshika rangi, simama hapo hapo. Klia imekwisha mahali hapo na unakula rangi yenyewe. Hakuna polishi itakayosaidia tena; hiyo ni kazi ya kupuliza upya.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano sehemu ya chini ya mlango, ujue gari lako ni la aina gani kabla ya kushika boneti.

Nimepita njia yenye michongoma na pembeni pamejaa mistari. Naitoaje kwa mkono?

Mikwaruzo ya michongoma na miiba inatisha, lakini mingi imekata klia tu. Ifanyie jaribio la maji. Ikipotea, hivi ndivyo unavyofanya.

Tafuta kivuli na usubiri bati lipoe. Weka kiganja juu yake: kama unahisi joto, bado. Kwenye bati la moto polishi hukauka kabla haijafanya kazi, na vumbi lake hung'ang'ania. Osha gari lote, si sehemu hiyo tu, maana mchanga wa kwenye mkono wa mlango utashuka mpaka unaposugua. Kausha, halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili nta na mafuta ya zamani yatoke.

Chukua polishi laini, ile iliyoandikwa kuwa ni ya kumalizia, pamoja na sponji la polishi au kitambaa safi cha maikrofaiba. Usianze na kompaundi nzito ya mafundi. Ile imetengenezwa kwa ajili ya mashine na rangi mpya iliyopigwa msasa. Ukiitumia kwa mkono inaacha ukungu wa mikwaruzo midogo kuliko ile uliyokuja kuiondoa.

Weka matone mawili matatu kwenye sponji. Sugua eneo lisilozidi viganja viwili kwa wakati mmoja, ukienda mbele na nyuma, kisha juu na chini, kwa mgandamizo wa wastani, kama dakika moja mpaka mbili. Futa kwa kitambaa kingine safi. Pitisha tena kitambaa chenye spiriti kabla ya kutazama. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayosema kweli: polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, kwa hiyo unafurahi leo, na baada ya kuosha mara chache mistari inarudi. Spiriti inayatoa mafuta hayo ukaona kilichobaki.

Mstari ukiwa umepungua lakini bado upo, rudia mara moja au mbili. Usiporidhika, panda daraja moja: kompaundi ya wastani, kisha urudi kwenye ile laini. Na mstari ambao unauona tu ukiinama na tochi, uache ulivyo. Klia uliyobakisha itakufaa siku nyingine.

Mtu ameandika NIOSHE kwenye vumbi la mlango wa nyuma. Nimeosha, bado naisoma. Kwa nini?

Kwa sababu vumbi letu ni mchanga, na kidole kilichoandika kiliusaga mchanga huo juu ya klia. Gari likishaoshwa, jua la jioni likipiga kutoka pembeni, herufi zinaonekana upya: N yenye mgongo mrefu, O iliyozungushwa mara mbili. Ni mikwaruzo midogo mingi iliyofuata njia moja.

Polishi laini kwa mkono huitoa karibu kila mara. Fanyia kazi eneo lote lenye neno, usifuate herufi moja moja, la sivyo utabaki na herufi zinazong'aa kuliko mlango.

Watoto wa jirani hawana nia mbaya. Waambie waandike kwenye kioo.

Je, dawa ya meno, WD-40, kiwi ya viatu au mafuta ya nazi yanafaa?

Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo inaweza kupunguza mkwaruzo mdogo sana. Ila hujui chembe zake ni za ukubwa gani, na kwenye gari jeusi utaona ukungu. Polishi halisi ya kopo dogo haina fumbo hilo. WD-40, mafuta ya nazi na dizeli hufanya kazi ya yale maji ya kwenye kidole: yanajaza mfereji, mstari unapotea, mvua ikinyesha unarudi. Tena yanakusanya vumbi. Kiwi inapaka rangi juu ya tatizo, na siku ukitaka kutengeneza kweli, nta yake itazuia rangi isishike. Msasa wa chuma wa kusugulia sufuria hauna nafasi yoyote kwenye gari.

Msasa wa maji je? Fundi anautumia na gari linatoka safi.

Unafaa kwa mkwaruzo ambao ukucha unaugusa kidogo lakini haujavuka klia, na kwa kusawazisha rangi ya kujazia iliyokauka. Tumia namba 2000, kisha 3000. Chini ya 2000 usiende ukiwa nyumbani kwenye klia ya kiwandani. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, msasa ndivyo unavyokwaruza zaidi.

Loweka karatasi kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika 10 au 15. Izungushie kitu laini na bapa, hata kifutio cha shule kinatosha. Ukitumia ncha za vidole peke yake unachimba mifereji mitatu, mmoja kwa kila kidole. Sugua taratibu kwa mstari mmoja, maji yakiwapo muda wote. Kila baada ya mara nane au kumi, futa ukaushe uangalie. Maji yakiwa meupe kama maziwa, ni klia inayotoka. Yakigeuka rangi ya gari, acha mara moja, isipokuwa kwa yale magari ya tabaka moja.

Kaa mbali na kingo za milango, mikunjo ya bodi na pembe za boneti. Hapo rangi ni nyembamba kwa sababu ilipopulizwa ilitiririka kuelekea pande mbili. Watu wengi wanaochubua rangi kwa msasa wanachubulia hapo, si katikati ya mlango.

Ukimaliza utabaki na doa lililofifia kama kioo chenye mvuke. Ni kawaida. Kompaundi ya wastani kisha polishi laini vinalirudisha.

Mkwaruzo umefika kwenye rangi au bati. Naujazaje?

Hapa unahitaji chupa ya rangi ya gari lako (swali linalofuata linaeleza unavyoipata), na kazi yake ni kulifunika bati kwanza, urembo baadaye. Ukiukubali mpangilio huo hutakata tamaa.

Osha, kausha, futa kwa spiriti. Kama kuna kutu, ikwangue kwa ncha ya wembe au kipande kidogo cha msasa ukiwa ndani ya mfereji tu, usipanue kidonda. Paka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha uisafishe. Bati likibaki safi, tia praima kidogo sana. Ikikauka, weka rangi.

Usitumie ile brashi inayokuja ndani ya kifuniko cha chupa. Ni pana mno, inamwaga rangi nje ya mfereji. Tumia kijiti cha kuchokolea meno. Kichovye, gusisha ncha yake ndani ya mkwaruzo, na uiache rangi itembee yenyewe. Tabaka jembamba, subiri nusu saa au saa moja, tabaka jingine. Rangi inanywea inapokauka, kwa hiyo mara mbili hadi nne ni kawaida. Simama ikiwa chini kidogo ya usawa wa rangi ya zamani, halafu malizia na klia mpaka ipande juu kidogo.

Sasa iache. Angalau wiki nzima kabla ya kuisawazisha kwa msasa 2000 na kuipiga polishi. Rangi iliyokauka juu bado ni laini ndani. Ukiisugua mapema inang'oka yote na unaanza upya.

Ukitazama kwa karibu utaona ulipojaza. Ukisimama hatua mbili nyuma, si rahisi.

Namba ya rangi ya gari langu iko wapi?

Kwenye Toyota zilizotoka Japani, fungua boneti utafute kibati chenye maelezo ya gari ukutani mwa chumba cha injini, au fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake. Tafuta maandishi C/TR au COLOR TRIM. Namba inayotangulia ndiyo ya rangi, inayofuata ni ya viti na mapambo ya ndani. 040 ni nyeupe, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni silva, 202 ni nyeusi, 209 ni nyeusi yenye chembe. Nissan nazo zina kibati ndani ya boneti, na QM1 ni nyeupe yao ya kawaida. Honda angalia nguzo ya mlango wa dereva. Namba nyingi za nyeupe, nyeusi na kijivu zinaanza na NH.

Piga picha kibati hicho uende nayo kwenye duka linalochanganya rangi za magari. Kwa Dar wengi huanzia Kariakoo na Gerezani, kwa Nairobi barabara ya Kirinyaga. Omba kiasi kidogo kabisa wanachokubali kupima. Kisha peleka gari lenyewe mlangoni pa duka, au kifuniko cha tangi la mafuta kama kinatoka kirahisi, walinganishe kwenye mwanga wa nje. Namba inakupa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani. Miaka ya jua imeshaisogeza.

Nimetumia namba sahihi, silva yangu bado inaonekana doa. Nimeuziwa rangi feki?

Inawezekana, lakini sababu ya kawaida ni nyingine. Silva ina vipande vidogo sana vya alumini. Vikipulizwa hulala kwa mpangilio fulani na kurudisha mwanga kwa pamoja. Ukiweka kwa kijiti vinasimama ovyo, doa linakuwa jeusi zaidi ukitazama upande mmoja na jeupe zaidi ukihamia upande mwingine. Tikisa chupa sana na weka matabaka membamba, utapunguza tofauti, hutaimaliza.

Nyeupe ya lulu kama 070 ni ngumu zaidi. Ina rangi ya chini, tabaka la lulu katikati, kisha klia. Chupa moja haiwezi kuwa vyote vitatu. Kwa mkwaruzo mdogo kwenye lulu, jaza ili kulinda bati na uridhike. Kwa mkubwa, mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia, tena anayekubali kusambaza rangi mpaka kwenye bati la jirani ili mpaka usionekane.

Nakaa pwani. Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?

Kama bati liko wazi, usisubiri. Tanga, Zanzibar, Mombasa, Kigamboni: hewa ina chumvi na unyevu, na bati tupu linapata kahawia haraka. Kibaya zaidi, kutu inatembea chini ya rangi nzima iliyo pembeni, inaiinua mapovu, na mkwaruzo wa urefu wa kalamu unakuwa kidonda cha ukubwa wa sahani ifikapo masika ijayo.

Kama huna rangi leo, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, paka nta ya gari au bandika kipande cha selotepu safi. Hiyo ni huduma ya kwanza ya siku chache. Iondoe na usafishe kwa spiriti utakapoanza kazi yenyewe.

Bampa limekwaruzwa na ukuta. Ni sawa na mlango?

Ni rahisi kwa upande mmoja: bampa ni plastiki, halipati kutu, hakuna haraka. Mkwaruzo wa bampa la nyuma la IST unaweza kusubiri mpaka upate nafasi.

Kwa upande mwingine plastiki haishiki rangi vizuri. Palipo plastiki tupu lazima kwanza ipite praima maalumu ya plastiki, vinginevyo rangi itabanduka kama ngozi ya jua ndani ya miezi michache. Nyuzi za plastiki zilizosimama zikate kwa wembe kwanza, kisha lainisha kwa msasa. Na puti, ile ya kujazia mashimo, iwe ya bampa, inayonepa; puti ya bati inapasuka bampa likiguswa.

Naweza kupuliza rangi ya kopo mwenyewe uani?

Pembe ya chini ya bampa, ndiyo. Katikati ya mlango au boneti, nashauri hapana, hasa kwa metali na lulu. Macho hukimbilia katikati ya bati pana, na mpaka wa rangi mpya utaonekana kila ukitembea kuelekea gari.

Ukiamua kufanya pembe ya bampa: lainisha kwa msasa 600, kingo za rangi ya zamani zishuke polepole bila ngazi. Funika kwa magazeti na tepu ya karatasi, mbali zaidi ya unavyodhani inatosha, kwa kuwa vumbi la rangi husafiri. Praima, kisha msasa 800, kisha rangi. Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono uanze kutembea kabla ya kubonyeza na uachie baada ya kupita ukingo. Matabaka matatu mepesi yenye dakika kumi kati yake ni bora kuliko moja zito linalotiririka. Mwisho klia, mara mbili au tatu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati au kadi, kikauke, ukilinganishe na gari.

Chagua siku kavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama asubuhi baada ya mvua ya masika, rangi na klia vinavyokauka haraka hunasa maji na kugeuka vyeupe kama moshi. Saa nne asubuhi kivulini, upepo ukiwa haujaanza, ni wakati mzuri.

Na sasa jambo ambalo silifanyii mzaha. Klia na rangi za aina ya 2K, zile zinazochanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha rangi), au makopo yenye kitufe chini cha kupasua hadena ndani, zina kemikali iitwayo isosianeti. Mvuke wake unaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Zipo kwa ajili ya watu wenye vifaa vya kupumulia na vyumba vyake. Usizipulize uani penye watoto. Hata kopo la kawaida linataka mahali penye hewa, barakoa yenye vichungi vya mvuke, na umbali mkubwa kutoka jiko la mkaa, gesi au sigara. Mvuke huo unawaka.

Bodaboda amenigusa kwenye foleni na rangi yake imebaki kwenye mlango wangu. Nitumie thina?

Anza na polishi laini au kompaundi ya wastani kwa kidole kilichovikwa kitambaa. Rangi ya mwenzio imekaa juu, huwa inatoka, na chini yake unaweza kukuta klia yako imekwaruzika kidogo tu au haijaguswa.

Thina ni ya mwisho, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

Gari langu lilishapigwa rangi hapa nchini. Kuna tofauti?

Kubwa. Gereji nyingi hutumia rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi isiyotiwa hadena, kwa sababu ni nafuu na inakauka upesi. Rangi ya NC huyeyuka kwa thina hata baada ya miaka. Ya kiwandani na ya 2K iliyokauka vizuri haiyeyuki kirahisi. Jaribu mahali pa siri: gusisha kitambaa chenye tone la thina kwa sekunde mbili tatu. Kikishika rangi na pakanata, ni NC. Kwenye gari hilo thina marufuku, na polishi iende taratibu sana.

Dalili nyingine za kupigwa upya ni mpaka wa tepu ndani ya fremu ya mlango, vumbi la rangi kwenye mipira ya vioo, na uso wenye vinundu kama ganda la chungwa. Mkaguzi wa macho makali huviona kabla ya kununua, nawe vitazame kabla ya kusugua.

Klia ya paa inabanduka kama ngozi. Polishi gani inafaa?

Hakuna. Klia iliyoachana na rangi hairudi kushikana. Kingo zake zitaendelea kuinuka kila unapoosha. Bati hilo lote lilainishwe na kupulizwa rangi na klia upya.

Ninunue mashine ya polishi?

Kama una gari moja na mikwaruzo michache, mkono unatosha. Ukinunua, chukua ile inayozunguka huku ikiyumba, siyo grainda iliyofungwa sponji. Grainda inakaa mahali pamoja, inatoa joto, na inaweza kuchoma klia mpaka rangini kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo na kwenye bampa, kwani plastiki haisambazi joto kama bati.

Nina bima kubwa. Nianze kutengeneza?

Subiri. Piga picha za karibu na za mbali, na usiguse mpaka kampuni yako ikague, kama unakusudia kudai. Halafu ulizia kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe kwenye kila dai. Kwa mkwaruzo mmoja wa mlango, mara nyingi kiasi hicho kinazidi gharama ya fundi. Mwenye bima ndogo hana cha kusubiri kwa gari lake mwenyewe, ila kama aliyemgonga anajulikana, bima ya huyo ndiyo ya kufuatwa, na polisi wahusishwe kabla magari hayajaondoka.

Nikishatengeneza, lini naosha na lini napaka nta?

Maji ya kawaida baada ya siku mbili tatu. Usielekeze mashine ya maji ya kasi karibu na ulipojaza kwa wiki kadhaa. Nta isubiri siku 30 kwenye rangi mpya, kwani kemikali zinazotoka kwenye rangi zinahitaji njia. Palipopigwa polishi tu bila rangi mpya, paka nta siku hiyo hiyo.

Mikwaruzo midogo ya mviringo inarudi kila baada ya miezi michache. Inatoka wapi?

Kwenye kuosha na kufuta. Ndoo moja, fulana kuukuu moja, gari zima: mchanga wa rimu unapandishwa mpaka kwenye boneti. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, anza juu ushuke, na rimu ziwe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta yote, kwa hiyo nunua ya magari, kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima.

Na zungumza na mlinzi. Walinzi wengi kwa wema kabisa hufuta gari kila alfajiri kwa kitambaa kikavu ili bosi alikute safi. Vumbi likifutwa kavu linakwaruza. Mwombe amwage maji kwanza, au aliache na vumbi lake mpaka Jumamosi. Mpe kitambaa cha maikrofaiba na chupa ya kunyunyizia maji, na umwonyeshe mara moja kwenye kioo cha mbele jinsi unavyotaka.

Nikiamua kwenda kwa fundi, nimuulize nini?

Muulize atapiga rangi ya NC au 2K. Muulize atapulizia wapi: chumbani au chini ya mti kando ya barabara. Mwombe apulize kadi ya majaribio uilinganishe na gari juani kabla hajagusa mlango. Mwambie avue mkono wa mlango na mpira wa kioo badala ya kuvifunika kwa tepu, kwa sababu rangi inaanza kubandukia kwenye mpaka wa tepu. Na kama mkwaruzo ni mmoja kwenye mlango mmoja, kataa kupigiwa gari zima hata akikupunguzia bei. Ukibadilisha rangi ya gari kabisa, kadi ya usajili nayo inatakiwa ibadilishwe; kwa Tanzania unaenda Mamlaka ya Mapato (TRA).